Kaboni Haibonyei: Nguvu na Hatari ya Vifaa vya Baiskeli Vya Nyuzi za Kaboni

Mwezi uliopita kijana mmoja aliingia na baiskeli yake kwa fundi ambaye napenda kukaa kwake Jumamosi hapa Arusha. Ilikuwa baiskeli ya mbio, nyeusi, ya kunyanyuliwa kwa vidole viwili. Alimwamkia fundi, akaeleza shida yake: akipanda kilima huku ameketi, baiskeli inalia. "Kwi, kwi, kwi, kila nikikanyaga pedali. Nimepaka grisi kila pahali, fundi, lakini wapi."

Fundi hakugusa spana. Aliuliza kwanza, "Imewahi kuanguka?"

Kijana hakujua. Aliinunua kwa mtu aliyeitoa kwenye kontena la mtumba kutoka Ulaya, na yule mtu naye hakujua iliendeshwa na nani wala kwa nini mwenyewe aliamua kuachana nayo.

Swali hilo la fundi ndilo lililonifanya niandike. Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika, na tuliomtazama Tadej Pogačar akishinda zile kilomita 267.5 za kupanda na kushuka tuliona baiskeli ambazo fremu, uma wa mbele unaoshika gurudumu, usukani na rimu zote ni kaboni. Tangu hapo naulizwa mara kwa mara kama vitu hivyo ni salama kwa mtu wa kawaida. Wapo wanaoapa kwamba kaboni ina nguvu kuliko chuma, na wapo wanaoapa kwamba inapasuka kama chupa. Kila upande umeshika kipande cha ukweli, na hatari iko katika kutojua ni kipande kipi.

Uzi na gundi

Aliyewahi kushika katani ataelewa haraka. Uzi mmoja mwembamba uliotoka kwenye jani la mkonge unaukata kwa mikono. Sokota nyuzi kwa maelfu, unapata kamba ya kufungia jahazi. Lakini kamba hiyo ina nguvu ukiivuta. Ukiisukuma inajikunja tu mkononi. Kaboni ina tabia hiyohiyo, na mambo karibu yote ninayoeleza hapa chini yanatoka kwenye tabia hiyo.

Uzi wa kaboni una kipenyo cha mikroni 5 hadi 7, wakati unywele wa binadamu ni kama mikroni 70. Nyingi ya nyuzi hizi huanza maisha kama plastiki iitwayo poliakrilonitrili, ndugu wa akriliki ya masweta. Huokwa polepole kwa sentigredi 200 hadi 300, kisha huingizwa kwenye tanuru lisilo na oksijeni, joto likipita sentigredi 1,000, mpaka karibu kila kisicho kaboni kimetoka. Mchoma mkaa hufanya jambo la namna hiyo anapofunika tanuri lake kwa udongo ili kuni zisiwake zikaishia majivu. Tofauti ni kwamba huku nyuzi zinavutwa wakati zinaokwa, ili chembe zijipange kufuata urefu wa uzi.

Matokeo yake ni ya kustaajabisha. Uzi wa daraja la T700 kutoka kampuni ya Toray ya Japani, ambao baiskeli nyingi zinautumia, hukatika ukivutwa kwa megapaskali 4,900 hivi. Maana yake ni kwamba fungu la nyuzi hizo lenye eneo la milimita moja ya mraba, dogo kuliko kichwa cha kiberiti, linaweza kuning'iniza karibu kilo 500. Chuma cha kawaida cha ujenzi huanza kulegea kwenye megapaskali 250 hivi, na mabomba bora ya chuma cha baiskeli yanafika 1,000 na kitu. Halafu kuna uzito. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina gramu 7.85; ya kaboni iliyokwisha kuunganishwa na gundi ni kama gramu 1.6.

Hapo ndipo tangazo la muuzaji linapoishia, na ndipo fundi anapoanza kazi. Huwezi kuendesha uzi. Nyuzi lazima zishikwe pamoja, na kinachozishika ni gundi ya epoksi, ndugu wa ile wanayotumia wajenzi wa boti za faibaglasi. Kila aliyepasua kuni anajua kwamba shoka likifuata mshipa wa mti, gogo linafunguka lenyewe. Likikatisha mshipa, utatoka jasho. Karatasi ya kaboni yenye nyuzi za upande mmoja iko hivyo hivyo. Ukiivuta kufuata nyuzi ina nguvu ya ajabu. Ukiivuta kwa kukatisha, kinachokuzuia ni gundi peke yake, na nguvu inashuka mpaka chini ya megapaskali 100. Kwa hiyo mtengenezaji hupanga tabaka juu ya tabaka, nyingine zikifuata urefu wa bomba, nyingine zimelazwa mshazari wa digrii 45, nyingine zinalizunguka, kulingana na mzigo anaotarajia utakuja kutoka wapi.

Naomba msomaji akae kidogo kwenye hilo neno "anaotarajia". Bomba la chuma lina nguvu ileile ukilisukuma kutoka popote. Bomba la kaboni lina nguvu pale ambapo mtu alikaa akafikiria mzigo utakuja. Fremu moja inajengwa kwa mamia ya vipande vilivyokatwa kwa vipimo na kupangwa kwa mkono, nyingi zikitengenezwa Taiwan na China. Karatasi zenyewe huja zimeshalowa gundi na hutunzwa kwenye friza zisikauke kabla ya wakati. Zikishapangwa kwenye kalibu, mfuko wa hewa hujazwa kwa ndani ili uzibane, kisha kalibu huingia kwenye joto. Tabaka likijikunja, au povu la hewa likibaki katikati, pameshazaliwa pahali dhaifu ambapo rangi itapafunika. Na ile michoro iliyosukwa kama ukili, ambayo wengi wanadhani ndiyo kaboni yenyewe, mara nyingi ni tabaka la juu la urembo. Kazi inafanywa na tabaka za chini zisizo na mapambo.

Kwa hiyo mtu akiniuliza "kaboni ni imara?" siwezi kumjibu mpaka anionyeshe ni kaboni ya nani, ya kazi gani, na imepitia nini.

Kwamba iliyotengenezwa vizuri ni imara, hilo halina ubishi tena. Kampuni ya Kestrel ya Marekani ilitoa fremu yake ya 4000, ya kaboni tupu, mwaka 1986. Mwaka huohuo Greg LeMond alishinda Tour de France akiwa juu ya baiskeli ya Look ya kaboni. Mwaka 1992 kule Barcelona, Chris Boardman alichukua dhahabu ya Olimpiki juu ya Lotus iliyoonekana kama bawa la ndege. Uzito ulishuka mpaka shirikisho la kimataifa, UCI, likaweka sheria mwaka 2000 kwamba baiskeli ya mashindano isiwe chini ya kilo 6.8. Kipimo cha kimataifa cha usalama, ISO 4210, hakina huruma kwa kaboni kwa sababu ya jina lake: fremu ya mbio inakanyagwa na mashine mara 100,000, na chuma cha kilo 22.5 kinaangushwa juu yake kutoka sentimita 21 hivi. Kwenye kukanyagwa tena na tena kaboni ina sifa ambayo alumini haina. Alumini inachoka, kila mzigo, hata mdogo, unahesabiwa, na siku moja hesabu inatimia. Kaboni yenye afya, isiyozidishiwa mzigo, inaweza kurudia kazi ileile miaka na miaka bila kuonyesha uchovu wa maana.

Chuma kinasema, kaboni inanyamaza

Tatizo linakuja inapozidishiwa. Chuma kikishindwa kinapinda kwanza. Umegonga shimo, uma umerudi nyuma, gurudumu linakaribia kugusa fremu: baiskeli imekuambia kwa lugha ambayo hata mtoto anaielewa, na ukiwa na bahati unarudi nyumbani ukiikokota. Alumini nayo hubonyea au hupata ufa unaokua siku hadi siku. Kaboni haina hatua hiyo ya kati. Uzi wa T700 unarefuka kama asilimia 2, basi, hauna cha zaidi cha kutoa. Haibonyei wala haipindi.

Kibaya zaidi, inaweza kuumia ndani huku nje inameta. Jiwe likirushwa na gari likagonga bomba, au baiskeli ikaanguka upande na kupiga ukingo wa barabara, ukuta ule mwembamba, ambao pengine ni milimita moja tu, unajikunja kidogo kuingia ndani na kurudi pahali pake. Nje unaona mkwaruzo, au huoni kitu. Ndani, tabaka mbili zilizokuwa zimeshikana zimeachana. Zikiachana hazisaidiani tena. Kila moja inabeba mzigo peke yake, na kwa kuwa nyuzi hazipendi kusukumwa, upande unaokandamizwa unaanza kuvimba. Nyambizi ya Titan, iliyovunjika Juni 2023 ikiwashusha watu watano kwenda kwenye mabaki ya meli ya Titanic, ilikuwa na mwili wa kaboni uliokandamizwa na bahari kutoka pande zote, safari baada ya safari. Baiskeli haikutani na kitu kama hicho, lakini wengi walioogopa kaboni tangu siku ile walikuwa wameshika kitu cha kweli: kukandamizwa si uwanja wake wa nyumbani.

Wahandisi wa ndege wanalijua jeraha hili lisiloonekana kwa urahisi, na wamelitungia taratibu. Boeing 787 Dreamliner, kama ile iliyofika Air Tanzania mwaka 2018 na zile za Kenya Airways, ina karibu nusu ya uzito wake katika vifaa vya namna hii, na sisi tunapanda bila wasiwasi. Tunapanda kwa sababu ndege ile ina daftari. Gari la mizigo likiigusa pale uwanjani, inaandikwa, anaitwa mkaguzi, inapimwa kwa mawimbi ya sauti, ndipo inaruka. Baiskeli ya kijana yule haikuwa na daftari. Tofauti ya usalama kati ya vitu hivi viwili, kwa maoni yangu, iko hapo zaidi kuliko kwenye kaboni yenyewe.

Nasema hivyo kwa sababu ukifuatilia ajali mashuhuri, kaboni haiko kizimbani peke yake. Mwaka 2006 kwenye mbio za Paris–Roubaix za Ufaransa, mwendeshaji George Hincapie alikuwa kundi la mbele kwenye barabara ya mawe pale usukani ulipomtoka mikononi. Mrija wa uma, ule unaopanda ndani ya fremu kushika usukani, ulikuwa umekatika. Alianguka akaumia bega. Watu wengi walisema kaboni, lakini mrija ule ulikuwa wa alumini, na mapema katika mbio hizohizo alikuwa ameshaanguka. Agosti 2021, kwenye Olimpiki ya Tokyo, Alex Porter wa Australia alianguka kifudifudi baada ya usukani wake kukatika katikati ya mbio. Ulikuwa wa titani iliyochapwa kwa printa ya 3D. Na Septemba 2023 kampuni ya Shimano iliwaita wateja wakaguliwe krenki (ile mikono inayoshika pedali) zipatazo 680,000 nchini Marekani pekee, baada ya taarifa zaidi ya 4,500 za krenki zinazoachana. Hizo nazo zilikuwa vipande vya alumini vilivyounganishwa kwa gundi.

Upande wa kaboni mfano ulio wazi ni mbio za Le Samyn, Ubelgiji, Machi 2021. Usukani wa Mathieu van der Poel ulikatika upande mmoja mbio zikielekea ukingoni, na yeye, kwa ustadi ambao wachache wanao, hakuanguka. Canyon, watengenezaji wa baiskeli yake, iliwaambia wenye baiskeli za Aeroad za aina ile waache kuziendesha mpaka tatizo litatuliwe. Huo ulikuwa usukani mpya wa kampuni kubwa, chini ya mmoja wa waendeshaji wenye nguvu kuliko wote duniani. Hata aliyefikiria mzigo kwa makini anaweza kukosea hesabu. Kampuni iliyo na anwani inaweza kukiri na kuwaita wateja. Duka la mtandaoni linalouza usukani wenye nembo ya kuiga kwa robo ya bei halitakuita kamwe.

Bolti ya Nyutoni mita 5

Kama ningeruhusiwa kusema jambo moja tu kwa kila mwenye kaboni Afrika Mashariki, ningesema kuhusu bolti. Tumezoea kukaza mpaka mkono uchoke. Kwenye baiskeli ya chuma ya kubebea maziwa hilo ni sawa, hata linaokoa maisha. Kwenye kaboni, pale shingo inapobana usukani na pale fremu inapobana nguzo ya kiti, bolti nyingi zimeandikwa 5 Nm, na zaidi ya hapo unalibinya bomba kutoka pembeni, upande ambao halikutarajia mzigo. Hulioni likivunjika siku hiyo. Unasikia "tik" ndogo, unadhani bolti imekaa vizuri, na ufa umeanza.

Nyutoni mita 5 ni nguvu gani? Chukua kidumu chenye lita 5 za maji, kitundike kwenye spana iliyolala, sentimita 10 kutoka kwenye bolti. Huo ndio mkazo wenyewe, karibu kabisa. Jaribu mara moja ujionee. Wengi wanashangaa jinsi ulivyo mdogo. Baada ya hapo nunua spana ya kipimo, maana mkono unasahau, na bei yake haifiki ya usukani mmoja, achilia mbali ya meno.

Kosa la pili linaandamana na la kwanza: grisi. Kwenye nguzo ya chuma tunapaka grisi isishike kutu. Kwenye nguzo ya kaboni grisi inaifanya iteleze, kiti kinashuka, mwenye baiskeli anakaza zaidi, kinashuka tena, anakaza tena. Kuna mafuta maalumu ya kaboni, yenye chembechembe kama mchanga laini, yanayoongeza mshiko ili bolti isihitaji kukazwa sana.

Tatu ni safari. Baiskeli zetu husafiri juu ya basi au kwenye buti, zimefungwa kwa mpira wa tairi uliovutwa na wanaume wawili. Bomba la juu la fremu nyepesi, ambalo linaweza kubeba mpanda baiskeli wa kilo 90 anaporuka shimo, halikutengenezewa mpira ule. Funga kwenye nguzo ya kiti au magurudumu, weka kanga au boksi katikati, na usikubali gunia la mahindi lilazwe juu yake, hata utingo akikasirika.

Joto lina habari mbili tofauti. Jua la Dar halitayeyusha fremu. Gundi iliyopikwa kwenye kalibu kwa joto kubwa kuliko hilo haiogopi jua, na rangi inaikinga dhidi ya miale. Lakini rimu za kaboni zinazofungwa breki kwenye ukingo wake ni jambo jingine. Kwenye mteremko mrefu kama Kitonga, au ule wa kutoka Lushoto kwenda Mombo, ukishika breki bila kuachia, msuguano unapandisha joto mpaka gundi inalainika, na ukingo unaosukumwa na hewa ya tairi unafunguka. Breki za diski zimeondoa shida hii, na kwa sababu hiyohiyo Ulaya wanauza rimu zao za zamani kwa bei rahisi. Kwa anayeishi mlimani, hata bei hiyo ningeiacha.

Kwa wenzetu wa Mombasa, Unguja na Dar, adui ni chumvi. Kaboni na alumini vikigusana penye maji ya chumvi vinakuwa kama betri, na anayeliwa ni alumini. Unga mweupe unajaa katikati, nguzo inaganda ndani ya fremu. Fremu za kaboni za miaka ya mwanzo, zilizounganishwa kwa viungo vya alumini na gundi, nyingi zilifia hapo, mpaka watengenezaji walipoanza kuweka tabaka la faibaglasi kutenganisha. Ukiishi pwani, chomoa nguzo ya kiti kila baada ya miezi michache, futa, rudisha.

Kuikagua

Ukaguzi wa nyumbani hauna siri. Osha baiskeli, ikaushe, ipeleke penye mwanga wa jua la pembeni, asubuhi au jioni. Pitisha kitambaa laini polepole. Nyuzi zilizokatika hushika kitambaa kabla jicho halijaona. Angalia chini ya shingo ya usukani, pale mkono wa breki unapobana (ukianguka, mkono ule huzunguka na kukata), kichwa cha uma, na ubavu wa nyuma ambapo cheni ikitoka hukwaruza. Mkwaruzo wa rangi usioingia ndani si kitu. Ufa unaoendelea kufuata mstari, au pahali panapolegea ukipabonyeza kwa dole gumba, hapo simama.

Halafu sarafu. Gonga bomba polepole kwa ukingo wa shilingi, ukisogea kidogo kidogo. Palipo pazima panalia kwa sauti kali. Tabaka zilipoachana sauti inakuwa butu, kama kugonga papai lililoiva. Unene wa bomba nao hubadilisha sauti, kwa hiyo linganisha pahali na pacha wake upande wa pili. Njia hii haigundui kila kitu. Panapobaki shaka, kipimo cha ultrasaundi, yale mawimbi ya sauti ya kwenye ndege, ndicho jibu, na kwetu si rahisi kukipata.

Habari njema ni kwamba fremu iliyopasuka inaweza kutibiwa na mtu anayejua: anakwangua hadi palipo pazima, anapanga tabaka mpya kwa mwelekeo wa zile za zamani, anaoka. Fremu, ndiyo. Usukani, uma na nguzo ya kiti mimi sikubali kutibu. Vikikatika hakuna kinachobaki kati yako na lami.

Na mtumba? Sisemi watu wasinunue, kwa maana wengi wetu bila mtumba tusingepanda baiskeli ya maana. Ninachosema ni kwamba ukinunua fremu ya kaboni iliyotumika, weka kwenye bajeti yako usukani mpya na nguzo mpya tangu siku ya kwanza, hata vya alumini, na uma uutoe nje kabisa ukaukague mpaka juu ya mrija wake. Muuzaji akikataa usiutoe, mwachie baiskeli yake.

Nirudi kwa kijana. Fundi alichomoa nguzo ya kiti, ikatoka inang'aa grisi. Akaifuta kwa petroli kidogo. Sentimita chache juu ya alama ya mwisho wa kuingiza, pale pete inapobana, palikuwa na mstari mweupe mwembamba, urefu wa punje ya mchele. Kijana alisema ni mkwaruzo. Fundi akatoa shilingi mia, akagonga kutoka juu: ti, ti, ti, ti, kisha tu. Akarudia ili kijana asikie mwenyewe.

Walikubaliana waikate waone. Tulivaa barakoa, kwa sababu vumbi lile linawasha na halifai mapafu, na mimi nikawa namwagia maji msumeno ukienda. Kwa ndani, karibu na ule mstari, ukuta ulikuwa umefunguka kama kurasa za daftari lililolowa na kukauka. Nilihesabu tabaka nne zilizoachana. Ukucha wangu uliingia katikati yake. Kijana alishika kile kipande muda mrefu, akakigeuza upande wa nje, ule unaometa, kisha tena upande wa ndani.

Fundi alimulika tochi ndani ya bomba la fremu, akaligonga pande zote, akaridhika. Akaweka nguzo ya alumini, akakaza kwa spana ya kipimo. Kisha akakata kipande cha utepe mweupe, akakibandika chini ya fremu, akaandika kwa kalamu: nguzo mpya, 5 Nm, na tarehe ya siku ile.